Mwiko wa Mpera

Nimechoka, mwenzangu. Nakwambia mapema ili ukiona navuta maneno usidhani najivuna. Shangazi yangu amelala chumba cha uani hapa Ujiji, katika nyumba ileile aliyozaliwa, na mimi ndiye ninayempikia. Napika, napeleka, narudi na sahani kama ilivyokwenda. Hospitali wamesema dawa anazokunywa hazitaki tumbo tupu, na kwamba asipokula hazitamsaidia kitu. Kusema ni rahisi. Nimempikia uji wa ulezi, nimempikia wali, ndizi, viazi, kuku wa kienyeji wa mchuzi mwepesi. Kila kitu anakiweka mdomoni, anakunja uso, kisha anakitema kwenye kitambaa taratibu, kwa adabu, kama mgeni asiyetaka kumuudhi mwenye nyumba. Anasema ni kichungu.

Juzi jioni nilimpelekea ugali wa muhogo na samaki, mgebuka wa mawese, chakula alichokulia. Akamega tonge dogo, akatafuna kidogo, akaacha. Akaniuliza, "Huu ugali umeusongea mwiko gani?"

Nikamwambia ni mwiko wa kawaida tu, wa dukani.

"Usije ukawa ule wangu wa futari," akasema, kisha akageukia ukutani.

Nikabaki nimeshika sahani. Nikacheka peke yangu pale mlangoni, kicheko cha mtu aliyechoka, maana ni miaka mingi hakuna aliyeutaja mwiko ule katika nyumba hii. Mimi nilidhani ameshausahau.

Nilikuwa na miaka kumi hivi. Bibi yangu, mama yake huyu shangazi, alikuwa mpishi wa wavuvi. Kiangazi kikiingia na shule zikifungwa, tulipanda mtumbwi sisi watatu, bibi, shangazi na mimi, tukaenda kaskazini njia ya Kagunga hadi kwenye ufukwe mmoja mwembamba uliobanwa na mlima. Wavuvi walipiga kambi pale. Jioni walitoka na taa zao za karabai kuvua dagaa, asubuhi walirudi, na dagaa wakamwagwa mchangani kukauka. Ufuo wote uling'aa. Harufu ile hata leo nikiisikia sokoni nasimama, naulizwa nanunua au nazuia njia.

Bibi alilipwa kwa fungu la dagaa. Fungu hilo ndilo lililotulisha mpaka masika, ndilo lililonishonea sare ya shule, na hakukuwa na jingine, kwa sababu babu alikuwa ameshafariki. Sheria ya kambi ilikuwa fupi. Mpishi alikuwa wa nahodha. Nahodha akisema chakula hakifai, mpishi alipanda mtumbwi wa kwanza unaorudi mjini na mwingine akaletwa. Na kiangazi kile nilipokuwa na miaka kumi, mwingine alikuwepo tayari, mwanamke wa Kibirizi aliyekuwa na jiko la chuma la miguu mitatu na masufuria ya kung'aa. Nahodha alikuwa amemtaja mara kadhaa, kwa sauti ya mtu anayezungumzia hali ya hewa.

Sisi hatukuwa na jiko la chuma. Kutoka nyumbani tulibeba vyungu tu, vile vyeusi vya akina mama wa Kiha, bibi alivyovinunua sokoni Mwandiga. Hakununua chungu bila kukigonga kwa kucha na kukisikiliza, sikio limeinamishwa, huku muuzaji akinuna. Kikilia kwa sauti nzito anakiacha, kikilia wazi anakichukua. Vingine vyote tulivitengeneza hukohuko kambini, kila msimu upya, na msimu ukiisha tuliviacha. Bibi alisema kijiti kikishazoea dagaa hakifai kurudi nyumbani, kitakuja kukoroga uji wa mtoto unuke kambi.

Basi siku ya kwanza ilikuwa siku ya kuchagua. Mafiga tuliyatoa mlimani. Pale ufuoni mawe yalijaa, laini, ya duara, yamepangwa na maji kama yanauzwa, na mimi kila mwaka niliokota moja nikamletea bibi, na kila mwaka alilirudisha ziwani. Jiwe la ziwani limekunywa maji, likipata moto linapasuka na kurusha vipande, na chungu kinakwenda nalo. Tulipanda kwenye vichaka tukatafuta mawe makavu yenye uso wa kukwaruza, tukayashusha kifuani. Yangu yalikuwa madogo, ya chungu cha mboga. Hata sasa kifua changu kinaukumbuka uzito ule.

Vijiti vya kubanikia samaki vilikatwa vibichi ili visiungue kabla ya samaki kuiva. Bibi alivipasua nchani, akambana mgebuka katikati, akafunga kwa ukamba wa mgomba. Jani la mgomba lilikuwa kifuniko. Kata ya kuchotea mchuzi ilikuwa kibuyu kidogo kilichokatwa ubavuni na kuchomekwa mpini. Vitu hivi nilivijua kuvitengeneza hata mimi, vibaya vibaya.

Mwiko ulikuwa jambo jingine. Ugali wa muhogo wa watu wengi si mchezo, unavuta, unakataa kugeuka, na mwiko dhaifu unakatikia ndani. Bibi alitaka mti mgumu usio na utomvu, wenye nyuzi zilizonyooka. Alikwangua gome kwa ukucha, akanusa. Halafu, hili ndilo lililokuwa muhimu kwake kuliko yote, alikata kibanzi akakitafuna. Alitafuna muda mrefu, macho ameyafumba, akakitema. "Nauonja mimi kwanza," alisema, "wenzangu wasije wakauonja kwenye ugali." Mara nyingi alimalizia kwenye mpera. Palikuwa na mipera miwili mitatu juu kidogo ya kambi, kwenye kiwanja cha nyumba ya watu waliohama zamani, na yeye aliijua kama watu anavyowajua. Mwiko ukishachongwa aliupaka mawese, akaupitisha juu ya moto, akaupaka tena, mpaka ukawa mwekundu na mzito. Mikono yake ilinuka mawese siku nzima, na nilipenda kulala karibu nayo.

Kiangazi ninachokusimulia, Ramadhani iliangukia humo humo. Na kabla haijaingia, bibi aliteleza akishuka mtumbwini, akaangukia mkono wa kulia. Kifundo kilivimba. Akakifunga kwa kitambaa chenye mafuta, akasema ni kidogo, lakini hakuweza kushika panga wala kusonga. Shangazi akawa ndiye mkono wake. Alikuwa msichana wa kama miaka ishirini, mcheshi, mtoto wa mjini hasa, anayejua kupaka hina na kupanga maua ya kitambaa kuliko kukata miti. Alisonga ugali huku bibi amesimama nyuma yake akimwelekeza mpaka msichana wa watu akawa anasonga na machozi ya moshi na hasira pamoja. Bibi alikuwa anaogopa, sasa naelewa. Wakati ule nilidhani ni ukali tu.

Mwiko wa kwanza ulipasuka siku ya pili au ya tatu ya mfungo, mchana, futari haijafikiriwa. Bibi alikuwa amelala kibandani, mkono umemkeshesha usiku kucha. Shangazi hakutaka kumwamsha. Hakutaka pia kupanda mlima, jua la mfungo unalijua. Pembeni ya kichanja cha kuanikia palikuwa na mti uliobaki kwenye ujenzi, umeshamenywa gome, mkavu kiasi, umenyooka vizuri. Akaukwangua, hauna utomvu. Akaunusa, haukuwa na harufu ya maana. Kuutafuna hakuweza, kwa sababu alikuwa amefunga. Akauchonga.

Kwa kweli aliuchonga vizuri, nilikaa naye nikaokota mabanzi. Aliupaka mawese, akaupitisha motoni, ukatoka mwekundu kama wa bibi. Alifurahi sana. Akaimba kidogo, akanipiga kwa mpini wake begani kwa utani, akasema leo mama yake ataamka akute mambo yamekwisha.

Mimi sikuwa nimefunga, nilikuwa bado mdogo. Mwezi ule nilikuwa na kazi yangu: kuonja mboga. Wapishi wote wamefunga, chumvi nani ataijua? Basi niliitwa kila jioni kwenye chungu cha samaki, nikapewa kwenye kiganja, nikasema imekolea au bado, na walinisikiliza kama hakimu. Lakini ugali hauonjwi. Hauna chumvi, hauna nini, nani anaita mtoto kuonja ugali?

Jua likazama nyuma ya milima ya ng'ambo. Wavuvi wakafungua kwa maji na uji, wakaswali pale mchangani. Walioswali na wasioswali wakakaa pamoja kwenye masinia, maana baada ya hapo walikuwa wanaingia ziwani, lilikuwa giza zuri la dagaa. Nahodha akamega tonge la kwanza. Akachovya, akaweka mdomoni. Nikaona taya limesimama.

Hakutema. Alilishusha tonge, akanywa maji, akatazama wenzake, na wao walikuwa wanatazamana vilevile. Bibi akainama, akamega kwa mkono wa kushoto, akaonja. Kisha akaunyanyua mwiko, akaunusa, akakwangua ncha kwa ukucha, akaweka ukucha ulimini.

"Mwarobaini," akasema. Hakumtazama shangazi.

Vijana wakaacha kula. Mmoja akafuta mkono kwenye suruali. Nahodha akasema kwa upole, na upole wake ndio uliotisha, "Mama, watu hawa wanaingia ziwani na uji tu tumboni. Leo nimenyamaza. Kesho ikiwa hivi, nitatuma mtu Kibirizi."

Shangazi alikuwa amesimama kando ya mafiga, kanga imemwanguka kichwani na hakuiokota.

Kwenye sinia lile alikuwepo mvuvi mmoja mzee, Muha wa kule juu Kasulu, Mkristo, mtu aliyenisalimu kwa Kiha kila asubuhi, "Mwakeye", ili anicheke nikijibu vibaya. Wenzake walipoinuka yeye alibaki amekaa. Akamtazama shangazi, akamega tonge. Akachovya, akameza bila kutafuna. Akamega jingine. Alikula hivyo, macho yake hayatoki kwa yule msichana, mpaka upande wake wa sinia ukaonekana. Kisha akanawa.

"Mwanangu," akamwambia, "mimi homa ilikuwa inanianza. Umenitibu." Akachukua kasia lake akaenda.

Ndipo shangazi akalia.

Asubuhi yake alisema anafungua. Atakwenda mlimani, atatafuna kila mti mwenyewe, siku hiyo atailipa baada ya mwezi. Bibi akamkatalia. "Hutaacha swaumu yako kwa ajili ya ugali. Mtoto yupo, atatuonjea."

Tukapanda watatu. Bibi mbele, mkono umefungwa kifuani, shangazi na panga, mimi nyuma na ulimi wangu. Yangekuwa mambo ya kucheka kama wasingekuwa kimya vile. Shangazi alikata kibanzi, bibi akanipa, nikatafuna, nikasema. Huu unakwaruza. Huu una ladha ya udongo. Huu mchungu, na nilitema mate mpaka nikakauka. Bibi aliuliza kama mganga: mchungu mbele au mchungu nyuma ya ulimi? Unabaki au unaondoka? Nilitafuna mpaka taya zikauma, na sikuwa na raha ya mchezo tena, nilitaka kushuka. Kwenye mpera nikatafuna, nikangoja, na hapakuwa na kitu. Ladha ya maji kidogo, basi.

"Hakuna kitu, bibi," nikasema.

Akakaa chini kwenye majani, akasema, "Huo ndio."

Jioni ile wavuvi walikaa kwenye masinia kwa tahadhari, kama watu wanaoingia nyumba yenye mbwa. Nahodha akamega, akachovya, akatafuna. Akamega tena. Alipomaliza alisukuma sinia tupu mbele kidogo, maana yake aongezwe. Bibi alimwonyesha shangazi kwa kidevu, na shangazi akapakua. Mwanamke wa Kibirizi hakuitwa kiangazi kile, wala kilichofuata. Aliitwa baadaye, bibi alipokuwa hawezi tena, na hilo halikuwa kosa la mtu.

Kwa hiyo unaona, shangazi aliponiuliza habari ya mwiko, nilijua anachouliza. Sikulala vizuri. Jana nikasema, haya, hata kama ni ujinga.

Niliteremka kwanza hadi ziwani, nikidhani nitapata mpera kule chini, kwenye viwanja vya zamani. Nilisahau, au nilijifanya nimesahau. Maji yamepanda miaka hii. Pale tulipokuwa tunaanika mikeka pana mawimbi, na ukuta wa nyumba moja umebaki umesimama ndani ya maji hadi kiunoni. Nikamuuliza kijana mmoja wa boti kuhusu ule ufukwe wetu wa kaskazini. Akasema, "Mama, pale hakuna pa kukanyaga siku hizi, boti inafika hadi kwenye mlima." Mafiga yetu yako chini huko, nadhani, mawe makavu ya mlimani, na sasa yamekunywa maji kama yale mengine. Miguu ilikuwa inaniuma, nikapanda bodaboda nikarudi.

Mpera niliupata kwa jirani, uani kwake, umeinamia bomba la maji. Alinicheka. Alisema miiko imejaa sokoni, nichague ninaoutaka. Nikamwambia nataka tawi. Nikakata kibanzi palepale, nikakitafuna mbele yake, nikangoja. Meno yangu si yale, na jirani alikuwa ananitazama kama anayefikiria kumpigia simu binti yangu. Hapakuwa na kitu. Ladha ya maji kidogo.

Nilichonga mchana kutwa kwa kisu cha jikoni. Umetoka umepinda, kichwa kikubwa, mpini mfupi, bibi angeutupa kwenye moto. Nikaupaka mawese. Mtungi wa gesi upo jikoni, umejaa, lakini niliweka mawe matatu uani, nikatafuta kuni, nikasonga ugali nje, nimeinama, mgongo unapiga kelele, moshi unanifuata kila nikihama. Watoto wa nyumba ya pili walikuja kutazama ukutani. Hawakuwa wameona mtu mzima akihangaika hivyo na ugali wa mtu mmoja.

Nikapeleka. Nikaweka sahani kwenye kigoda, na mwiko pembeni yake. Shangazi akautazama mwiko kwanza. Mkono wake umekuwa mwepesi siku hizi, mishipa yote inaonekana. Akauchukua, akaugeuza, akakwangua mpini kwa ukucha. Akaunusa. Kisha akaupeleka mdomoni, akauma ncha ya mpini, akatafuna kile kijibanzi muda mrefu, macho ameyafumba, na kwa muda ule nilimwona bibi, nikaogopa.

Akatema kwenye kitambaa.

"Mpera," akasema.

"Mpera, shangazi."

Akamega tonge, akalichovya, akatafuna. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sijui mikono yangu niiweke wapi. Uso ukaanza kukunjamana, nikauona. Akatafuna polepole zaidi, halafu akaacha.

"Mti mzuri," akasema. "Mwiko hauna kosa, mwanangu. Ni kinywa changu."

Nadhani nilijua tangu juzi, na nadhani yeye alijua zaidi. Nikainama nichukue sahani, kama ilivyo kawaida yetu, na sikujua kama machozi yalikuwa yananitoka mpaka lilipodondoka moja kwenye kigoda.

Akaizuia sahani kwa mkono. Akaivuta kwake. Akamega tonge jingine, akachovya, akameza bila kutafuna. Akamega jingine. Alikula hivyo, macho yake hayatoki kwangu, mpaka upande wake wa sahani ukaonekana.